Ng'ombe wa Tihama: Je, Abdul-Rahman al-Sufi Aliliona Wingu la Anga la Kusini?

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa habari zinazorudiwa mara kwa mara katika mihadhara na vijitabu vinavyoeleza mchango wa Waislamu katika elimu, ipo habari ya mwanafalaki Abdul-Rahman al-Sufi. Husemwa kwamba mwaka 964 yeye aligundua galaksi ya anga la kusini ambayo Wazungu huiita Wingu Kubwa la Magellan. Kwamba aliiona akiwa Bab al-Mandab. Na kwamba aliipa jina la Ng'ombe Mweupe, zaidi ya miaka 500 kabla ya Magellan kufunga safari yake.

Habari hii inapendeza masikioni. Lakini habari hupimwa kwa kuthibiti kwake, na kupendeza hakuwi hoja. Sisi tunaoishi Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tuna sababu ya ziada ya kuichunguza, kwa kuwa kitu kinachozungumziwa kiko juu ya vichwa vyetu, wakati Waislamu wengi wa Iraq, Sham na Misri hawajapata kukiona maishani mwao. Katika makala hii tutaeleza kitu chenyewe, kisha tutaangalia alichoandika al-Sufi, kisha tutaipima habari hiyo kwa mizani waliyotuachia wanazuoni wetu.

KITU KINACHOZUNGUMZIWA

Mtu akisimama ufukweni Matema au Itungi katika usiku usio na mwezi na akaelekea kusini, mbele yake kuna ziwa linaloendelea kwa zaidi ya kilomita 500, na hakuna taa za mji za kuharibu giza. Wakati mzuri ni mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza, saa kumi na nusu za usiku, muda mfupi kabla ya alfajiri kuingia. Nyota kubwa inayong'aa juu upande huo ni Suhayl, ambayo kwa mwangaza huizidi kila nyota ya usiku isipokuwa moja, nayo ni Shi'ra. Chini ya Suhayl, kuelekea kulia kidogo, kwa umbali usiofika shubiri moja ya mkono ulionyooshwa, kuna doa jeupe kama kipande cha wingu jembamba. Liko karibu theluthi moja ya njia kutoka usawa wa maji hadi utosini. Mawingu ya kawaida hupita, lakini doa hili halipiti. Linakwenda pamoja na nyota, na kesho utalikuta pale pale baina ya nyota zile zile. Upande wa magharibi yake kuna jingine dogo zaidi.

Wavuvi wetu wa usipa, ambao hutoka na karabai nyakati za kiza kwa sababu mbalamwezi huwaharibia kazi, wanakuwa nalo juu yao usiku mzima katika mwezi wa Desemba kila mbingu inapokuwa wazi.

Hilo kubwa ndilo linaloitwa Wingu Kubwa la Magellan. Kwa hakika si wingu. Ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota ulio nje kabisa ya galaksi yetu, ambayo Waarabu huiita al-Majarra na Waswahili wa leo huiita Njia ya Maziwa. Umbali wake kutoka kwetu ni kiasi cha miaka ya nuru 160,000, nayo nuru hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Zamani wataalamu waliihesabu kuwa haina umbo maalumu. Baadaye walipopima mpangilio wa nyota zake waliona kwamba ina mhimili wa nyota katikati na mkono mmoja uliojipinda, kwa hiyo wakaiweka katika tabaka la mwisho la galaksi zenye mikono iliyojizungusha.

Mwezi wa Februari 1987 nyota moja ndani yake ililipuka, na mwanga wa mlipuko huo ukaonekana kwa macho bila ya darubini. Tangu mwaka 1604 watu hawakuwa wameona kwa macho yao mlipuko wa nyota wenye mwangaza wa namna hiyo. Mtu wa Kyela angeweza kuuona kwa kutoka nje tu. Mtu wa Baghdad hakuweza hata kama angepanda juu ya mnara, kwa sababu sehemu hiyo ya mbingu haichomozi kwake abadan. Jambo hili la kuchomoza huku na kutochomoza kule ndilo ufunguo wa mas'ala yetu yote.

AL-SUFI NA KITABU CHAKE

Abul-Husayn Abdul-Rahman bin Umar al-Sufi alizaliwa Rayy, nchi ya Uajemi, mwaka 291 Hijria (903), akafariki mwaka 376 Hijria (986). Alifanya kazi chini ya Adud al-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buwayh. Kitabu chake mashuhuri ni Suwar al-Kawakib al-Thabita, yaani picha za nyota zisizohama, alichokiandika kiasi cha mwaka 353 Hijria (964).

Kabla yake watu walitegemea orodha ya nyota ya Batlimus wa Alexandria, iliyotungwa katika karne ya pili ya Miladi na kugawa nyota katika makundi 48. Wengi walinakili orodha ile bila ya kuinua macho. Al-Sufi alikwenda kinyume chao. Aliichukua nyota moja baada ya nyingine, akaitazama mwenyewe, akapima mwangaza wake, akaeleza pale alipoona Batlimus amekosea, na akataja majina ya Waarabu pembeni ya majina ya Wagiriki. Kila kundi alilichora mara mbili: kama linavyoonekana na mtu aliye ardhini, na kama linavyochorwa juu ya tufe.

Katika kitabu hicho aliandika kuhusu doa dogo lenye sura ya wingu katika kundi la al-Mar'a al-Musalsala, yaani Mwanamke Aliyefungwa Minyororo. Doa hilo leo linajulikana kuwa ni galaksi kubwa yenye mikono iliyojizungusha, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Maandishi ya al-Sufi ndiyo ya zamani zaidi yanayojulikana kulitaja. Hilo aliliona kwa macho yake na sisi Kyela tunaliona pia, jioni za Novemba na Desemba, upande wa kaskazini. Kwa hiyo anayetaka kumtaja al-Sufi kama mtu wa mwanzo kuandika kuhusu galaksi iliyo nje ya yetu ana ushahidi sahihi mkononi, lakini ushahidi huo ni wa doa la kaskazini. Doa la kusini lina hukumu nyingine.

ALICHOANDIKA KUHUSU KUSINI

Suhayl yenyewe huonekana Shiraz, lakini huinuka nyuzi zisizofika nane tu juu ya upeo wa macho. Baghdad huinuka kiasi cha nyuzi nne, kisha inazama. Kila kilicho chini yake sana, mtu wa miji hiyo hukijua kwa kusikia tu.

Kabla ya al-Sufi kulikuwa na Ibn Qutayba al-Dinawari, aliyefariki mwaka 276 Hijria (889). Huyu aliandika kitabu cha al-Anwa', kinachoeleza ujuzi wa Waarabu kuhusu nyota, mvua na misimu. Humo anataja kwamba chini ya Suhayl kuna nyota ziitwazo nyayo za Suhayl, na kwamba nyuma ya nyayo hizo kuna nyota kubwa zenye kung'aa ambazo hazionekani Iraq, na watu wa Tihama wanaziita al-A'bar. Tihama ni ile pwani ya Bahari ya Sham inayoteremka hadi Yemen. Katika pwani ya Yemen, Wingu Kubwa huinuka nyuzi chache juu ya upeo wa macho.

Al-Sufi alipofika kwenye kundi la Jahazi, ambamo Suhayl imo, aliitaja habari hiyo hiyo, lakini kwa namna ya mtu anayepokea maneno ya wengine bila ya kuwataja. Anasema kuna watu wanaodai kwamba chini ya Suhayl kuna nyayo za Suhayl, na chini yake kuna nyota nyeupe zenye kung'aa zisizoonekana Iraq wala Najd, na kwamba watu wa Tihama wanaziita al-Baqar, yaani ng'ombe. Kisha anaongeza jambo ambalo vijitabu vyetu havilitaji: kwamba Batlimus hakusema lolote katika hayo, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama habari hiyo ni kweli au si kweli.

Tuiweke sasa ile habari ya mihadhara mbele ya maneno haya. Imesemwa kwamba al-Sufi aligundua. Yeye anasema amepokea habari kutoka kwa watu. Imesemwa kwamba alitazama kutoka Bab al-Mandab. Katika kifungu hiki anataja Tihama, Iraq na Najd, na Bab al-Mandab haimo. Imesemwa kwamba alilipa jina. Yeye anasema jina ni la watu wa Tihama. Imesemwa kwamba alieleza juu ya wingu. Maneno aliyoyapokea ni ya nyota nyeupe. Ndiyo maana hata wanaosema kwamba waliokusudiwa na watu wa Tihama ni Mawingu haya ya kusini, wanasema kwa kukisia. Ni kisio lenye nguvu, lakini halijafika daraja ya yakini.

Na jina lenyewe lina mushkeli. Kwa Ibn Qutayba limeandikwa al-A'bar, kwa ayn. Kwa al-Sufi limekuwa al-Baqar, kwa qaf. Wenye kusoma hati za mkono wanajua jinsi neno lisilozoeleka linavyobadilika mkononi mwa mnakili na kuwa neno linalozoeleka. Katika karne ya 19 likapata mabadiliko mengine: Richard Hinckley Allen, Mmarekani aliyeandika kitabu cha majina ya nyota mwaka 1899, aliliandika Al Bakr na kulifasiri kuwa ni Ng'ombe Mweupe. Mwanafunzi wa Kiarabu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba bakr kwa kaf ni ngamia kijana. Weupe nao umetoka kwenye sifa ya nyota na kuhamia kwenye ng'ombe. Kutoka kitabu kile habari ikaenea katika vitabu vya Kiingereza, na kutoka vitabu vya Kiingereza ikarudi kwetu ikiwa imevaa kilemba cha turathi ya Kiislamu. Yaani tumekipokea kitabu cha mwanazuoni wetu kwa mkono wa mtu ambaye hakukisoma vizuri, hali asili yake ipo kwa Kiarabu na imechapishwa.

MIZANI YA USUL

Wapo watakaoona kwamba uchunguzi huu unampunguzia al-Sufi heshima. Ukweli ni kwamba unamzidishia.

Tazama hali aliyokuwa nayo. Alifikiwa na habari ambayo waliomfikishia hawajulikani. Hana uwezo wa kuihakikisha kwa macho, kwa kuwa mahali hapo pa mbingu hapachomozi kwake. Imamu wa fani, Batlimus, amenyamaza. Njia rahisi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuikataa kwa hoja kwamba mkubwa wa fani hakuitaja. Ya pili ni kuipokea na kuiingiza katika orodha ili kitabu kionekane kimezidi vitabu vya waliotangulia. Al-Sufi hakuchukua hata moja. Aliinukuu habari, akaieleza daraja yake, akasimama. Wanausul wanaiita hali hii tawaqquf.

Kutokana na kisa hiki zinapatikana kanuni tatu ambazo kila mwanafunzi wa fiqhi anazijua, nazo zinafanya kazi hapa kama zinavyofanya kazi katika mlango wa ushahidi.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kutokipata kitu si dalili ya kutokuwepo kwake. Batlimus aliishi Alexandria, kaskazini ya Tihama kwa mbali, na kunyamaza kwake kunaeleza mipaka ya upeo wake tu.

Kanuni ya pili ni kwamba anayethibitisha hutangulizwa mbele ya anayekanusha, kwa sababu anayethibitisha ana ujuzi wa ziada. Mtu wa Tihama aliyesema kuna nyota chini ya nyayo za Suhayl alikuwa na ujuzi ambao mwanafalaki wa ikulu hakuwa nao, ingawa hakuwa na kitabu wala chombo cha kupimia.

Kanuni ya tatu ni kwamba mwenye kuthibitisha naye sharti ajulikane na ukweli wake ubainike. Ndiyo amri tuliyopewa katika Surat al-Hujurat aya ya 6, kwamba habari inapotufikia kupitia asiyeaminika tuichunguze kabla ya kuifanyia kazi, na ndilo katazo la Surat al-Isra aya ya 36, tusifuate tusilolijua. Kusema "sijui" mahali pake ni elimu, na Imam Malik (R.A.) aliulizwa maswali mengi akalijibu jingi lake kwa neno hilo, wala haikumshusha.

MWAMBAO WETU NA JINA LA MAGELLAN

Kama al-Sufi hakuligundua, je, aligundua Magellan? Hapa pia historia inahitaji kuwekwa sawa, na sehemu yake imepita katika mwambao wetu wenyewe.

Ferdinand Magellan alikuwa kijana katika jeshi la Francisco de Almeida lililoondoka Ureno mwaka 1505 kuelekea Bahari ya Hindi. Jeshi hilo ndilo lililoiteka Kilwa mwezi wa Julai mwaka ule, na mwezi wa Agosti likaichoma moto Mombasa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1519, Magellan aliongoza safari nyingine kwa niaba ya mfalme wa Hispania, safari iliyoizunguka dunia, ingawa yeye aliuawa njiani katika visiwa vya Ufilipino mwezi wa Aprili 1521. Antonio Pigafetta, Mtaliano aliyekuwa pamoja naye na akarejea salama mwaka 1522, aliandika kuhusu mawingu mawili madogo ya nyota karibu na ncha ya kusini. Baadaye jina la Magellan likashikamana nayo.

Watu wa Kilwa walioshambuliwa mwaka 1505 walikuwa wanaishi karibu nyuzi tisa kusini ya ikweta, takriban sawa na Kyela. Mbingu yao ndiyo mbingu yetu. Mawingu haya yalikuwa juu ya misikiti yao karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kufika, na manahodha waliokuwa wakienda Sofala kufuata dhahabu waliyaacha upande wa omo. Kitu kinachoonekana na kila mwenye macho kuanzia Yemen hadi Sofala hakina mgunduzi, awe Mwislamu au Mkristo. Kina watazamaji, na wengi wao hawakuandika. Kumvisha taji la ugunduzi mwanazuoni wa Shiraz ambaye hakukiona ni kuwadhulumu watu wa Tihama na watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliokiona, kama vile lilivyowadhulumu jina la Magellan.

RIWAYA YA IBN MAJID NI MFANO WA PILI

Habari ya al-Sufi si ya pekee. Inayo dada yake hapa hapa kwetu. Mara ngapi tumesikia kwamba Ahmad bin Majid, nahodha mkubwa wa Julfar na mtunzi wa Kitab al-Fawa'id, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498? Hili nalo husemwa kwa fahari, kuonyesha kwamba Wazungu walifika India kwa elimu ya Kiislamu.

Chanzo cha riwaya hii ni Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baada ya tukio, katika karne ya 16. Vyanzo vya Wareno vinavyoeleza safari ile havimtaji Ibn Majid, na kimojawapo kinamtaja rubani Mwislamu mwenye asili ya Gujarat. Ibn Majid mwenyewe wakati ule alikuwa mzee. G. R. Tibbetts, aliyekifasiri kitabu chake kwa Kiingereza na kukichapisha mwaka 1971, aliiona riwaya hiyo kuwa dhaifu, na Sheikh Sultan al-Qasimi wa Sharjah ameandika kitabu kizima kuikanusha.

Lakini linalotisha ni matini ya riwaya yenyewe. Al-Nahrawali anadai kwamba Ibn Majid aliwaonyesha Wareno njia akiwa amelewa. Basi anayeirudia habari hii juu ya mimbari kwa nia ya kumsifu, anaieneza tuhuma ya ulevi na usaliti dhidi ya Mwislamu aliyefariki, bila ya ushahidi unaokubalika. Hivi ndivyo inavyokuwa sifa inaponukuliwa bila ya kuangaliwa ilikotoka.

ANGA LA KITABU NA ANGA LA KYELA

Huenda msomaji akauliza: mas'ala haya ya nyota yanatuhusu nini katika ibada? Jibu liko katika mlango wa kibla.

Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi'i, vilivyofika mwambao huu wa Nyasa kutoka pwani pamoja na walimu na wafanyabiashara, vinataja nyota ya al-Qutb kuwa ni dalili yenye nguvu zaidi ya kibla miongoni mwa nyota. Vinaeleza kwamba mwenye kuswali Misri huiweka nyuma ya sikio lake la kushoto, wa Iraq nyuma ya sikio la kulia, wa Sham nyuma ya mgongo, na wa Yemen mbele yake upande wa kushoto kidogo. Mwanafunzi wa Kyela husoma maneno haya, akayahifadhi, kisha usiku akitoka nje hawezi kuyafanyia kazi, kwa sababu nyota hiyo haichomozi kusini ya ikweta. Maneno ya vitabu ni sahihi, ila yametaja miji yake, na Kyela haimo.

Manahodha walikutana na jambo hili zamani. Walipokuwa wakiteremka kusini na nyota ya ncha, waliyoiita al-Jah, ikazama, walihamia kupima kwa al-Farqadan, nyota mbili zilizo karibu nayo, na kisha kwa nyota za Na'sh. Sisi tunaweza kufuata njia yao. Mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, kiasi cha saa tatu za usiku, Farqadan hufika kimo chao cha juu kabisa kwetu, nacho ni kifupi sana, juu kidogo ya upande wa milima ya Rungwe. Hapo zinakuwa kaskazini halisi. Kibla ya Kyela iko kulia kwa kaskazini kwa kiasi cha nyuzi 11, sawa na upana wa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa au zaidi kidogo. Dira na simu zimerahisisha kazi hii, lakini dira huvurugwa na chuma na simu huzimika, na kuzijua alama za mbinguni ni katika neema zilizotajwa katika Surat al-An'am aya ya 97 na Surat al-Nahl aya ya 16.

Basi mwenye kuswali Kyela ana Farqadan mbele yake na Wingu la kusini nyuma ya mgongo wake, na vyote viwili vinamfundisha somo moja: kitabu husomwa pamoja na mahali kilipoandikwa.

MADHARA YA SIFA ISIYOTHIBITI

Wapo wanaosema kwamba hata kama habari ya al-Sufi haikuthibiti, nia ni njema, vijana wanapata moyo na wanaipenda dini yao. Hoja hii ilisemwa zamani na waliotunga hadithi za fadhila za sura na za matendo, nao walidai kuwa wanawavuta watu kwenye kheri. Maimamu wa hadithi hawakuwakubalia, na majina yao yamebaki katika vitabu vya wadhaifu na waongo.

Fikiria kijana aliyetoka madrasa ya Kyela akaenda chuo kikuu. Alifundishwa kwamba al-Sufi aligundua Wingu la kusini. Siku moja anafungua tafsiri ya kitabu chenyewe na kukuta mwandishi anasema hajui. Ataanza kujiuliza: kama walimu wangu walikosea katika jambo lililoandikwa wazi hivi, mangapi mengine wameninukulia kwa namna hiyo? Shaka iliyoanzia kwenye nyota inaweza kufika kwenye mambo ambayo ni mazito kuliko nyota. Sisi ndio tutakaokuwa tumemfungulia mlango huo, tukidhani tunaulinda.

Lau angelifundishwa habari kama ilivyo, hali ingekuwa nyingine. Angejua kwamba mwanazuoni wa karne ya nne Hijria, mwenye cheo na mwenye kusikilizwa, alifikiwa na habari yenye kumpa sifa, akaisimamisha kwa kuwa hakuwa na dalili. Kijana huyo akikuta ukurasa ule chuoni, ungemzidishia imani kwa walimu wake.

Kwa hiyo tunawanasihi ndugu zetu makhatibu na walimu. Asili ya maneno ikiwa kwa Kiarabu, irejewe kwa Kiarabu. Ikiwa haipatikani, isemwe imepokewa kutoka wapi. Kilicho kisio kiitwe kisio. Na walimu wa madrasa za Matema, Ipinda, Itungi na Kyela mjini wawatoe wanafunzi nje usiku mmoja wa Oktoba kabla ya swala ya alfajiri, wawaonyeshe Suhayl na kilicho chini yake. Al-Sufi aliiacha mas'ala yake wazi kwa sababu ya upeo wa nchi yake. Kwetu Allah ameiweka mbele ya macho, na mtoto wa miaka kumi wa Kyela anaweza kushuhudia kwamba chini ya Suhayl kuna kitu cheupe chenye kung'aa. Kama hicho ndicho walichokikusudia watu wa Tihama, Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.